Gunia la Maganda Nililowatumia Kondoo wa Zeinabu

Jumanne, Garsen.

Toka asubuhi mawingu yamejaa na mvua hainyeshi. Mbingu imekaa kama mtu anayetaka kupiga chafya na chafya yenyewe haiji. Na mimi niko hivyohivyo. Nimefagia uani na kufagia tena, nimeunguza maharagwe, nimegombana na kuku.

Nina hasira, na sijui niielekeze wapi.

Mnaosoma hapa mnamjua Zeinabu, binti yangu wa pili, anayesomea udaktari wa meno Nairobi. Huku kwetu jino likiuma linang'olewa, basi, maneno yamekwisha. Mimi mwenyewe tangu nimzae yeye nacheka nikiwa nimeziba mdomo. Kwa hiyo aliposema anajifunza kupanda meno mapya, nilimshukuru Mungu mpaka majirani wakachoka na mimi.

Alinieleza polepole, maana shule yangu iliishia darasa la nne. Jino hilo lina mzizi wa chuma. Wanatoboa mfupa wa taya, wanauingiza mzizi kama skrubu, wanashona fizi, halafu wanangoja mfupa uushike, kama unavyongoja mche uliouhamisha ushike udongo. Wanafunzi huanza na taya za plastiki, kisha taya za kondoo kutoka bucha. Zeinabu yeye amechukuliwa kumsaidia profesa kwenye utafiti, na huko wanafanya kwa kondoo walio hai. Wanalazwa kwa dawa, hawasikii kitu. Mzizi ukishika vizuri kwa kondoo ndipo watafikiria binadamu.

Wifi yangu Habiba alicheka akashika mbavu. Akasema, "Wazee wetu Tarasaa wanamung'unya nyama kwa fizi, na kondoo wa Nairobi wanawekewa meno. Mwambie Zeinabu na mimi aniandikishe kondoo."

Tulicheka wote siku ile.

Sasa, juzijuzi Zeinabu alipiga simu ana wasiwasi. Kondoo mmoja, jike mweupe mwenye kichwa cheusi kama hawa wetu, ameshapandwa mzizi na hataki uji wa pumba. Mimi nilisikia "kondoo hataki kula" tu. Sikuuliza zaidi. Kwetu sisi wafugaji kondoo mgonjwa, au aliyezaa akachoka, anapewa maganda ya mgunga, yale yenye mbegu ndani. Unatikisa matawi kwa fimbo ndefu yenye ndoana, yanamwagika, na sijaona kondoo wa kuyakataa. Nilitikisa migunga mpaka shingo ikakaza. Nikajaza gunia, nikalipakiza kwenye basi.

Zeinabu alipolifungua alinipigia akicheka, anasema harufu ya nyumbani imejaa chumba. Akamlisha yule jike kwa mkono wake.

Wanafunzi waliambiwa kondoo aliyepandwa mzizi apewe chakula laini tu. Alijua. Lakini kwetu maganda ndicho chakula cha mgonjwa, na mtoto aliyekulia zizini akiyaona hafikirii ugumu, anafikiria kupona. Zile mbegu ni kama kokoto. Kondoo alitafuna kwa raha zake, na mzizi ukalegea kabla mfupa haujaushika.

Ni kama nilimpiga fimbo nyoka aliyeingia chunguni, nikavunja chungu changu mwenyewe.

Hilo peke yake ningelivumilia. Jumamosi profesa alitazama picha ya mfupa, akaingia zizini, akaokota mbegu. Akauliza nani ameleta hizi. Watu wote wakamtazama Mzee Musyoka, maana kulisha ndiyo kazi yake. Mzee akasema hazijui. Hakuaminiwa. Ameambiwa akae nyumbani mpaka kikao cha Alhamisi.

Zeinabu alikuwa amesimama palepale.

Hakusema kitu.

Na huyo Mzee Musyoka ndiye aliyemtafutia chumba cha kupanga alipofika Nairobi hajui mtu. Ndiye anayemmiminia chai kutoka chupa yake kila asubuhi kabla hawajaanza kazi. Nimekuwa nikimwombea dua mzee huyo bila kumwona.

Yote haya Zeinabu amenieleza leo asubuhi, analia. Na nisidanganye, neno la kwanza lililonijia lilikuwa nyamaza, mwanangu. Mzee atapata kazi nyingine. Wewe je, nafasi hii utaipata wapi tena? Neno lilifika kwenye ulimi likakaa hapo.

Nikalimeza, na sijui kama nilimeza vizuri, maana bado linanikwaruza.

Sisi Waorma tunaishi na Wapokomo wenye mashamba kando ya mto. Ng'ombe akiingia shambani usiku, mwenye ng'ombe anakwenda mwenyewe alfajiri kabla hajafuatwa. Anasema, ni wangu, tuongee. Asipokwenda, anakamatwa mchungaji wa jirani asiyejua lolote, na fitina inaanzia hapo. Zeinabu ameyaona hayo tangu mdogo. Baba yake alikwenda hivyo kwa Wapokomo wa Golbanti zaidi ya mara moja, na yeye akiwa amemshika mkono.

Nikamwambia, "Zeinabu, ng'ombe ni wetu. Nenda kabla hawajakufuata. Sema maganda yametoka kwa mama yako, hajui mambo ya chuma."

"Wewe hukumlisha, mama. Nimemlisha mimi."

"Basi sema hivyo."

Akauliza kwa sauti ndogo kama ya zamani, "Na wakinifukuza?"

"Utarudi nyumbani."

Nililisema kwa nguvu, kama mtu mwenye nyumba kubwa. Simu ilipokatika nikakaa chini pale uani nilipokuwa nimefagia.

Kabla simu haijakatika aliniitikia "sawa, mama". Sasa "sawa" za mtoto wangu nazijua. Iko sawa ya kwenda, na iko sawa ya kutaka mama anyamaze. Hii ya leo nimeigeuza kichwani kutwa nzima, sijaitambua.

Ningeweza kumpigia. Nimeshika simu, nimeiweka, nimeishika. Nikimpigia nitamwonea huruma, na nikimwonea huruma nitamwambia lile neno nililolimeza. Kwa hiyo simpigii.

Akifukuzwa nitalia, na Habiba atakuja kukaa na mimi, na majirani wataleta chai. Asiposema nitalia vilevile. Lakini hicho kilio, nitamweleza nani?