Nimelimeza "Huenda"

Audrey, nimeharibu. Niko kwenye basi Soho Road, hapa Uingereza, na shangazi Milka, tumetoka kuonyesha ule uvimbe wake wa titi.

Daktari alisema, "It might be nothing." MIGHT, Audrey, yaani "huenda"! Na mimi, mkali wa Kiswahili, nikamtafsiria: "Si kitu." Lile "huenda" nikalimeza.

Waingereza hufungia hofu yote ndani ya neno dogo hivyo, nami nikadhani ni adabu tu!

Sasa anamwambia mjomba Onyango kwenye simu, "Si kitu, baba! Jumatatu siendi kukatwa kinyama cha kupimwa, cha nini?" Basi zima linamsikia akicheka.

Si kitu. Mimi ndiye niliyesema.

Amekata simu. Amenishika mkono: "Ubarikiwe, mwanangu."

Nafungua mdomo niseme "huenda". Halitoki.