Wasichana Sita wa Darasa la Nane

Garissa,
Jumapili, baada ya adhuhuri

Kwako Baba,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje, na Mama bado analikanda kwa mafuta ya nazi? Mimi mzima, alhamdulillahi, ila joto la huku halina huruma.

Baba, ule mtihani wa kutafuta nafasi ya kusoma ng'ambo nilianguka. Niliona haya kukuandikia. Kilichoniangusha ni maswali ya kudhoofisha hoja: unapewa maneno ya mtu, nawe uchague jibu litakaloyatia udhaifu. Mimi kila mara nilichagua lile linalombishia moja kwa moja.

Aliyenifumbua macho ni Mwalimu Abdi, mwenzangu hapa shuleni, mtoto wa wafugaji wa Hulugho. Aliniambia, "Mtu anasema mbuzi imekufa sababu ya maji ya kisima mpya. Wewe usibishe kifo, mizoga iko pale. Uliza, ile mbuzi haikunywa hapo iko hai? Kama nayo imekufa, maneno yake imelegea."

Tangu siku ile nafanya maswali kila alasiri, na sasa ninayopata ni mengi kuliko ninayokosa.

Juzi wazazi walikutana shuleni. Mwenyekiti wao akasema kwamba tangu wasichana waingizwe darasa la nane, alama za hesabu zimeshuka, basi waondolewe. Wengi wakaafiki. Wasichana wenyewe ni sita, Baba, na wakitoka hapa wataozwa. Nikasimama.

"Mzee, alama zimeshuka kweli, sibishi," nikasema. "Lakini darasa la saba halina msichana hata mmoja, na alama zake zimeshuka vilevile. Madarasa yote mawili yamekosa mwalimu wa hesabu tangu yule wetu ahamishwe."

Akawatazama wenzake. "Basi shida ni mwalimu," akasema. "Wasichana wakae. Lakini hesabu nani atafundisha?"

Nikajibu kwamba nitafundisha mimi mpaka apatikane mwingine. Sasa naamka alfajiri kujikumbusha aljebra. Mtihani wangu naurudia mwezi ujao, na nikianguka nitaurudia tena.

Nisalimie dada na shemeji, na shangazi wa vitumbua. Mama naye, anayesema ubishi wangu utanikosesha mume, mwambie ubishi huohuo umewabakiza wasichana sita darasani.

Binti yako akupendaye,
Mwanaisha