Tumbo Linasokota

Jumatatu, 4 Machi 1996
Zamu ya asubuhi, kiwandani Nyakato. Tumekata minofu ya sangara hadi vidole vikafa ganzi. Chini ya kitovu, upande wa kulia, panauma tena. Wiki iliyopita niliingia mwezini. Mama mkwe alinuna siku nzima. Miaka mitatu ya ndoa bila mtoto, na siku zangu anazijua kuliko mimi.

Jumatano, 6 Machi
Nimeinua kreti, tumbo likakamata ghafla. Nimetapika mferejini. Zahanati nikasema, "Tumbo linasokota." Mganga akauliza nimekula nini. Dagaa. Basi, vidonge vya kuhara. Siharishi! Nimeona haya kubishana.

Alhamisi, 7 Machi
Kazini sikwenda. Maumivu yanaondoka, yanarudi na hasira. Mama mkwe anasema ni chango, kachemsha mizizi. Nimetapika yote. Leo namchukia. Mume wangu Elias kaenda kuazima pikapu, tuende hospitali.

Jumamosi, 9 Machi
Nilipasuliwa jana. Naandika nimelala.
Ulikuwa uvimbe wa maji kwenye kifuko cha mayai, mkubwa kama chungwa. Si saratani. Daktari anasema wengi wanao na hawajui, hauwasumbui. Wangu ulijizungusha pamoja na kifuko, mara mbili, damu ikakatika. Hutokea kwa nadra. Kifuko cha kulia kilishakufa, wamekitoa.
"Kilijisokota," kasema.
Nimecheka, mshono ukaniadhibu. Siku zote hizo nasema linasokota, na kweli lilikuwa linasokota. Mganga akaelewa kuhara, mama mkwe chango. Hata mimi sikujua nasema kweli tupu.

Jumatatu, 11 Machi
Mama mkwe kaleta uji. Kamuuliza daktari mbele ya wodi nzima: "Sasa huyu atazaa?" Kajibiwa kwamba kifuko cha kushoto ni kizima, kimoja kinatosha. Akasema, "Haya," kwa sauti ya mtu aliyeuziwa samaki wa jana. Mimi pia siamini. Naogopa. Elias kanishika mguu.

Jumapili, 31 Machi
Nyumbani, Igoma. Asubuhi nimeziona siku zangu.
Zamani zikija nalia. Leo nimemshukuru Mungu, chooni humohumo. Kifuko kilichobaki kinafanya kazi.
Nimefua vitambaa vyangu vya mwezini, nimevianika uani juani, bila kuvifunika kwa kanga kama zamani. Mama mkwe kapita, kaviona. Kafukuza kuku wasivichafue, kisha akaingia ndani kukoroga ugali.