Kanga Yangu Kule Kyoto

Observatory, Johannesburg

Zuhura, mke mwenzangu,

Assalamu alaykum. Huku hatujambo. Babu yako magoti yanamsumbua, lakini bado anatembea mwenyewe mpaka spaza, kile kiduka cha mtaani, kununua mkate. Mama yako anakusalimu.

Umeniuliza kama uvae kanga siku ya utamaduni hapo chuoni kwako Kyoto, maana wenzako wote watavaa kimono. Nami niliwahi kufika mji huo, nilipopelekwa kusomea ushonaji nikiwa msichana wa Tanga. Jumapili moja walitutembeza kwenye mahekalu, kisha mama mmoja mtu mzima akatukaribisha chai ya kwao. Alikoroga kikombe kimoja taratibu, kana kwamba duniani hakuna kazi nyingine. Nikajiona mshamba na kanga yangu begani.

Alipomaliza, akaigusa. "Hapa pameandikwa nini?" aliuliza kupitia mkalimani.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Alipofasiriwa, akaniinamia mpaka paji la uso likagusa mkeka. "Nimekaribisha wageni maisha yangu yote," akasema, "na sikujua namna ya kulisema hilo."

Mjukuu wangu, nilijiona mrefu kuliko mahekalu yote ya siku ile! Nikaivua kanga, nikampa. Tulipoondoka alikuja kituo cha treni kutuaga, ameitupia juu ya kimono chake, maandishi juu chini. Sikumrekebisha. Alipendeza mno.

Kanga ni doti, unajua. Kipande cha pili nimekifunga pamoja na barua hii.

Bibi yako,
Mwanaisha