Dirisha Lilikuwa Wazi

Jumanne, 8 Aprili 1952
Timu yetu ya chuo imefungwa tena kwenye besiboli. Kumi na moja kwa mbili. Mechi sita, tumeshinda moja tu, na hiyo ni mvua ilitubeba. Wanafunzi wetu wenyewe wananizomea nikiburuta reki uwanjani: "Tesch, panda viazi hapo, angalau tutavuna kitu!" Nikacheka. Ningefanya nini?

Jumatano, 9 Aprili
Kocha Haas kaja mwenyewe kwenye banda langu la vifaa. Kafunga mlango. Kaniletea darubini.

Mpango wake huu. Mimi ndiye ninayebadilisha namba kwenye ubao wa matokeo, kule mwisho wa uwanja. Nikiwa nyuma ya ubao naweza kuona vidole vya mdakaji wa wageni, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji wetu, anapomwonyesha mrushaji wake arushe nini. Kidole kimoja, mpira wa kasi. Viwili, wa kupinda. Ubao una kidirisha. Nikikifungua, mpigaji wetu ajue unakuja wa kupinda. Nikikifunga, wa kasi. Nikikiacha nusu, ajue sijui.

"Alvin, huu si wizi. Ni kutazama tu. Macho katupa Mungu."

Sikusema ndiyo. Ila darubini niliipokea.

Jumamosi, 19 Aprili
Tumeshinda! Tisa kwa tatu! Mpigaji wetu Dwight Ostrander kaupeleka mpira nje ya uzio mara mbili. Baada ya mechi kaja mbio mpaka nyuma ya ubao, kanipiga begani: "Mzee Al, mchezaji bora ni wewe!" Miaka kumi na tisa nakata nyasi za chuo hiki. Hakuna aliyewahi kunishika bega.

Mke wangu Lorna kauliza mbona naimba. Nikamwambia jua limetoka.

Jumamosi, 26 Aprili
Ushindi wa tatu mfululizo. Lakini Kocha kanifokea mbele ya vijana. Mara mbili sikuona vizuri, nikaacha nusu. "Nusu nusu ya nini? Nikiiona tena hiyo nusu, kazi nampa mtu mwenye macho!" Vijana wakacheka. Dwight hakucheka.

Nimekula bila hamu. Mtu wa miaka arobaini na nane, naogopa kunyang'anywa kidirisha.

Jumamosi, 3 Mei
Dwight kapigwa. Mpira wa kasi, kwenye jicho la kushoto. Kichwani ana kofia ya kitambaa tu, kama wote. Ule mlio niliusikia kutoka ubaoni, uwanja mzima katikati yetu.

Mrushaji wa wageni, Leland Pruitt, mrefu kama mlingoti, kasimama mikono kichwani. Watu wakaruka uzio kumfuata. "Muuaji! Umekusudia!" Polisi wamemtoa.

Dirisha lilikuwa wazi.

Jumatatu, 5 Mei
Jicho limetolewa. Dwight haikumbuki Jumamosi hata kidogo — kaamka akiuliza mechi ni saa ngapi.

Nilipeleka maua. Mama yake kanikatia nusu ya mkate wake pale kwenye korido. "Wewe ndiye wa kwanza kuja kutoka chuoni, Bwana Tesch. Ubarikiwe." Nikaula. Nikaumaliza wote.

Jumatano, 7 Mei
Chuo chetu kimeandika barua: Pruitt alirusha kichwani makusudi, afukuzwe. Kamati ya vyuo itakaa Alhamisi ya wiki ijayo. Kila mtu anajua maana yake. Akitoka chuoni, jeshi linamchukua. Moja kwa moja vitani Korea.

Nikamfuata Kocha. Nikamwambia, yule kijana hana kosa.
"Wewe umejuaje?"
"Kocha, unajua nimejuaje."
Kafunga mlango. Halafu: "Wageni walibadilisha ishara zao. Hukuwa na njia ya kujua. Sasa ukisema, Dwight ataitwa mwizi aliyejitakia. Ndiyo unataka umpe hiyo, juu ya jicho? Darubini iko wapi?"
Nikamrudishia. Vijana wa timu wakiniona wanapinda kona.

Jumapili, 11 Mei
Sijaenda kushiriki meza ya Bwana. Nilibaki nimekaa peke yangu kwenye benchi la kanisa, watu wakipita magoti yangu. Sasa niandike ukweli, maana hata humu nimedanganya kwa kunyamaza.

Kocha anasema sikuwa na njia ya kujua. Nilikuwa nayo. Jumamosi ile mdakaji wao aligusa barakoa yake ya chuma kabla ya kuonyesha vidole viwili. Hakuwa amefanya hivyo kabla. Nikajua hapo hapo kuwa wamebadilisha ishara. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kidirisha, nusu. Nikakumbuka "mtu mwenye macho". Nikakumbuka vijana wakicheka. Nikakifungua mpaka mwisho.

Mpira wa kupinda huanza kama unakuja kichwani, halafu unakata kwenda nje. Anayeusubiri hakwepi. Anauinamia. Dwight aliuinamia kwa sababu aliniamini. Basi.

Nimemwambia Lorna. Alikuwa anamenya viazi. Hakuacha.
"Umeshamwambia nani?"
"Wewe."
"Mimi si kamati, Alvin."
Akachukua kiazi kingine.

Jumatano, 14 Mei
Nimeandika barua kwa kamati mara tatu. Kila moja inaanza na habari za nyasi. Nimezichoma. Nitakwenda mwenyewe.

Alhamisi, 15 Mei
Naandikia hapa hapa kwenye korido, kwa penseli. Chumba cha kamati kiko mbele yangu. Nimekuja na basi la asubuhi. Kocha alishangaa kuniona, kisha akatabasamu kama tumepanga.

Pruitt aliletwa na baba yake, mkulima, kofia mkononi, shingo nyekundu kwa jua. Wakakaa benchi langu. Kijana ana viatu vya kanisani. Akanigeukia.
"Mzee, na wewe umekuja kwa kesi hii?"
"Mimi nakata nyasi uwanjani."
"Ulikuwepo?"
"Nilikuwepo. Mbali."
"Basi uliona! Mbona hakukwepa? Kila usiku najiuliza. Mpira ulitoka vibaya, nikapiga kelele, yeye akauingia. Aliuingia, mzee! Nikiwaambia, wanasema natafuta visingizio."
Baba yake akamshika goti: "Leland, mwache mtu wa watu."
Nikasema, "Sijui, mwanangu."

Hivyo ndivyo nilivyosema. Mwanangu!

Wamemwita ndani, na baba yake. Sasa dakika arobaini. Nasikia sauti ya Kocha, tulivu, ya mtu anayehuzunika. Simsikii Pruitt kabisa.

Karani katoka. "Kuna shahidi mwingine hapa nje?" Katazama huku na huku. Nikainua mkono — hapana, niliinua penseli. Akadhani namsalimia. Akaitikia kwa kichwa, akarudi ndani.

Hakufunga mlango kwa ufunguo. Nilisikiliza vizuri. Ni hatua sita, labda saba, mpaka mlangoni. Viti vinasogea ndani, wanasimama, wanamaliza. Nitamaliza mstari huu kwanza. Nikimaliza huu