Kadi za Zile Wiki Tatu

Chumba cha Kuorodhesha Vitabu,
Maktaba ya Chuo Kikuu, Ghorofa ya Pili.
Jumamosi, 13 Juni.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo, na shikamoo nyingine kwa ile niliyoisahau kwenye simu ya mwezi uliopita, maana hata sijafungua mdomo ulishaniuliza kama nimenenepa. Sijanenepa. Hujambo lakini? Jicho lililofanyiwa upasuaji linaendeleaje? Dada, huyo bintiyo, aliniambia kwamba siku bandeji ilipotolewa uliona vumbi juu ya kabati lake, ukaomba kitambaa hapo hapo. Nikajua mgonjwa kapona.

Sisi huku wazima. Baba watoto kile kikohozi kimemwachia. Mtoto wa kwanza kang'oka jino la mbele, sasa anapiga mluzi kila akitamka neno, na ametuchosha masikio. Baba mkwe wangu anakusalimia sana. Goti linamsumbua, lakini siku akiacha kulalamika ndiyo tutaanza kuwa na wasiwasi.

Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi ili usome mwenyewe. Tafadhali usimpe dada akusomee. Kuna neno nililokuambia miaka kumi na minane iliyopita, nataka kukuomba msamaha kwa hilo, na najua nikipiga simu nitaishia kukuuliza hali ya hewa.

Nimekaa kwenye meza yako. Umestaafu mwaka wa tano huu na bado wote hapa wanaiita yako, hata mfagizi aliyeajiriwa juzi. Lile dirisha bado halifungi vizuri, na kipande cha boksi ulichokikunja ukakichomeka pale bado kinafanya kazi kuliko mafundi wote wa chuo. Harufu ya gundi ni ile ile. Leo niko peke yangu, na chumba kimya hivi kinanirudisha mbali.

Nakumbuka siku ya kwanza uliponiketisha hapa. Nilikuwa nimetoka chuoni, kichwa kimevimba kwa Kijapani changu cha darasani, wakati wewe cha kwako ulikiokota kwa wahandisi Wajapani wa daraja ulipokuwa mpiga taipu wao. Ulinipa kitabu cha Kijapani, nikafungua jalada. Ukanipokonya, ukakigeuza, ukaniambia sisi hatuanzi na jalada, tunaanza na ukurasa wa mwisho, ndiko mchapaji alikoandika mambo yake yote. Nilitaka ardhi inimeze.

Kisha ukanifundisha miaka. Japani hawaandiki mwaka kama sisi, wanahesabu kwa mfalme, na akiingia mfalme mwingine hesabu inarudi moja. Kitabu cha zama za Taisho unajumlisha 1911. Cha zama za Showa unajumlisha 1925. Ukichanganya hizo mbili umekizeesha kitabu miaka kumi na minne, nacho hakina mdomo wa kujitetea. Ukaongeza kwamba wanaopunguza umri ni watu, wewe mwenyewe ukiwa wa kwanza, lakini vitabu tuviachie wa kwao. Tulicheka mpaka mkutubi mkuu wa wakati ule akagonga ukuta.

Na zile penseli nne ulizozichonga kwa kisu kila asubuhi! Mtu asiguse, asiombe, asitazame kwa muda mrefu. Sasa mimi nina mashine ya kuchongea, inameza penseli nzima ndani ya wiki. Nayakumbuka mambo haya mpaka nasahau kufanya kazi.

Siku tulipokuaga ulisimama mbele ya wakuu wote ukasema kwamba kwa miaka ishirini na sita hujakosea mwaka wa kitabu hata kimoja. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga mpaka viganja vikawasha.

Sasa keti vizuri, Mama Mdogo. Ulikosea.

Mwezi jana alikuja mwanafunzi mmoja, binti mwenye ulimi mwepesi, anaandika utafiti wake juu ya mafundi wa zamani. Alishika kitabu cha kutengeneza televisheni za nyumbani. Kompyuta yetu inasema kilichapwa mwaka 1943.

“Dada, huyu fundi alikuwa mganga au?” aliniuliza. “Televisheni za sebuleni zilikuwa bado!”

Nilimtolea macho. Nilimwambia aliyeorodhesha kitabu hicho hakosei, na nilisema kwa ukali usiomstahili. Kisha nikafungua ukurasa wa mwisho. Showa, mwaka wa thelathini na mbili. Hesabu mwenyewe, ni 1957. Mtu alikuwa amejumlisha 1911, na kompyuta ilinakili tu kilichokuwa kwenye kadi ya zamani. Nilishuka chini nikaitafuta kadi. Nyuma yake, pembeni, kulikuwa na tarehe na herufi mbili za jina lako.

Nikasema ni moja, kila mtu ana siku yake mbaya. Nikatoa ya pili, nayo vile vile. Siku ile sikula mchana. Nilibeba droo nzima, nikazipanga kadi sakafuni kwa kufuata tarehe za nyuma. Zile za miaka ya kwanza ziko sawa. Za miaka ya mwisho ziko sawa. Katikati kuna wiki tatu ambazo kila kitabu cha Showa kimezeeka miaka kumi na minne. Kadi mia moja sitini na tatu. Na mwandiko wako haujatikisika hata mahali pamoja, herufi zimesimama wima kama siku zote, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka.

Kadi ya kwanza iliyokosewa ina tarehe ya Jumatatu. Unaijua Jumatatu ninayoisema. Mama tulikuwa tumemzika Alhamisi.

Asubuhi ile mimi nilikuwa kwenye kochi lako, sijabadilisha nguo tangu mazishi. Wewe ulipiga pasi ile blauzi ya bluu, ukavaa, ukachukua mkoba. Nilikuwa na miaka kumi na saba na hasira za watu wazima saba. Nilikuambia hata hukumlilia dada yako, umekimbilia vitabu. Ulisimama mlangoni, ukaniambia chai inapoa, ukaenda zako.

Mimi neno lile sikulifuta. Ulinichukua ukanilea, ukanisomesha, ukanifundisha Kijapani jioni kwa jioni kwenye meza ya jikoni, ukanitafutia hata mlango wa kuingilia kazini. Nami nilivipokea vyote kwa mikono miwili, na moyoni nikabaki na kinyongo kwamba una roho ngumu. Siku ya harusi yangu ulipofuta machozi nilijiambia, kumbe anayo, ila mama yangu ndiye aliyenyimwa. Naona aibu kuliandika hili, lakini ndivyo nilivyofikiri.

Nilikaa pale sakafuni katikati ya kadi zako nikalia kwa sauti. Nilikuona umeketi hapa, kwenye kiti hiki, huna akili ya kujumlisha, na unaandika vizuri ili mtu asijue.

Kila kosa lina fomu yake, unawajua watu wetu. Siku hizi fomu ina sehemu ya kujaza chanzo cha kosa. Nilimpelekea mkutubi mkuu mpya, kijana mwenye haraka lakini si mtu mbaya.

“Andika tu uzembe,” aliniambia, kalamu mkononi. “Ndiyo tunaandikaga.”

“Huyu si mzembe, bosi. Alikuwa amefiwa.”

“Amefiwa na nani?”

“Na dada yake. Mama yangu mimi.”

Aliiweka kalamu chini. Akanirudishia karatasi. “Basi andika hivyo hivyo.”

Nimeandika hivyo, na amesaini. Miaka ya vitabu nimeirekebisha yote, kimoja kimoja, nikirudi ukurasa wa mwisho mara mbili. Najua ningekuachia hata kimoja kwa huruma ungenigombeza kutoka huko huko. Yule binti nimemwomba radhi kwa ukali wangu, na ameniletea biskuti, ambazo nimezilia mbali na meza.

Sikukuandikia haya ili nikuvunje jina. Nilikaa nayo wiki nzima nikijiuliza kama nikuache na miaka yako ishirini na sita isiyo na doa. Lakini nikinyamaza utaendelea kuamini kwamba bado nakuona kama nilivyokuona siku ile mlangoni, na hilo siwezi kukuacha nalo. Nisamehe, Mama Mdogo. Ulimlilia dada yako wiki tatu mfululizo, mbele ya watu wote, na hakuna aliyekuona, hata mimi niliyelala nyumba moja nawe.

Msalimie sana dada, na shemeji, na wale wajukuu wako wawili wakorofi. Mwambie mdogo asipokula, mama mdogo wake huku atapata habari. Mungu akutunzie hilo jicho na moyo wako pia, akupe usingizi mwema na miaka mingi, nami sitaihesabu.

Barua zangu zote tangu utotoni nimekuwa nikizimaliza kwa “mtoto wa dada yako”. Hii naimaliza kama ilivyo kweli.

Ni mimi mwanao,
nikupendaye,
Kasuku.