Kitasa cha Dhahabu na Komeo Lako

Baba,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, usisumbuke.

Huku kupo vilevile. Kazi zako nimezirithi mie, na wateja wanasema napiga lipu kukushinda. Usinune, wanasema wao.

Ishu ilikuwa mlango. Tulipoanua matanga yako, shangazi wa Kawe alisimama ukumbini akalitazama lile komeo ulilolikunja kwa kipande cha nondo. Akatangaza: "Wifi yangu habaki Chanika na chuma hiki. Jumapili nakuja kumchukua." Mama akakaza kanga kiunoni. Unamjua, akikaza vile ujue hataki. Nikadakia, "Njoo hiyo Jumapili, shangazi. Utakuta kitasa ambacho Kawe nzima hamna."

Nimesharopoka, ikabidi nikitafute.

Nikaenda duka moja Sinza, la mzee wa Kiarabu. Mie huyo moja kwa moja kwenye kitasa cha rangi ya dhahabu, kile kinachofunguka kwa alama ya kidole. Nikaegemea kaunta kama mwenye ghorofa. Nikaweka dole gumba, kikalia pii, kikakataa. Nikabadilisha kidole, pii. Vyote vikaisha. Mzee akanigeuza viganja, akacheka: "Mwanangu, saruji imekula alama zote. Ukifunga hiki utalala barazani."

Hapo ndo nikakumbuka siku uliyokwenda kusajili laini ya simu. Yule binti wa chini ya mwavuli alikupaka mafuta, akakusugua vidole kwa kanga yake, mashine imegoma tu. Foleni nzima inaguna. Wewe ukamwambia taratibu, "Binti, waambie nipo. Mashine ndo haioni." Nilicheka mpaka ukaniahidi kofi. Haya, zamu yangu hiyo, cheka.

Na Mama je? Zege la nyumba hii mlichanganya naye. Kitasa kingetukataa mie na yeye, tukabaki nje tunapigia hodi nyumba tupu.

"Nipe cha ufunguo," nikamwambia mzee, "ila king'ae." Akanipa kizito, cha kuzama ndani ya mbao. Ukizungusha ufunguo mara mbili, vyuma vitatu vinachomoza na kuingia kwenye fremu. Mkono wake ni wa dhahabu vilevile, kwa hiyo sijasema uongo sana.

Nimekipachika mwenyewe. Mninga wa mlango wako umenivunjia patasi, asante. Jumapili shangazi akapiga hodi. Mama akafungua polepole, krak, krak, makusudi asikie. Shangazi akaomba mlango ufungwe tena, akavuta, akasukuma kwa bega. "Mh! Mmejifungia kama benki." Akanywa chai yake, akaondoka peke yake.

Sasa kuna hili. Kila jioni Mama akishafunga kitasa changu, anasukuma na komeo lako juu yake. Nikamwambia niling'oe, linaharibu muonekano. Hakuinua hata macho kwenye mchele aliokuwa anachambua. "Liache," akasema. "Baba yako yupo."

 Nikaenda nje kuosha mwiko wa lipu ambao ulikuwa msafi.

Komeo lako limeanza kushika kutu, mzee wangu. Nitakuwa nalipaka mafuta, nakuahidi. Na rangi ya dhahabu nitalipaka pia, kataa kama unaweza.

Haya, pumzika. Mlango nimeshafunga.

Mwanao, fundi kukushinda.